Uanagenzi wa Programu Huria: Jinsi Mwanafunzi Anavyojifunza Kazi kwa Kuifanya

Kila mwaka vijana wengi humaliza masomo ya kompyuta katika vyuo vikuu na vyuo vya kiufundi, kisha hurejea nyumbani na vyeti vyao. Wanapoanza kutafuta kazi, huulizwa swali ambalo cheti hakiwezi kulijibu: umewahi kutengeneza kitu gani, na ni nani aliyekitumia? Kijana asiye na jibu hukwama hapo. Hapati kazi kwa sababu hana uzoefu, na hapati uzoefu kwa sababu hana kazi.

Somo hili linaeleza njia mojawapo ya kutoka katika mzunguko huo, yaani mipango ya malezi ya wanafunzi katika utengenezaji wa programu huria. Mipango hii inafanana na uanagenzi wa useremala. Mwanagenzi hukaa na fundi karakanani, hupewa mbao za kiti ambacho mteja anakisubiri, na fundi hukagua kila kiungo kabla ya gundi kutiwa. Tofauti ni kwamba karakana hii iko mtandaoni, fundi anaweza kuwa nchi nyingine, na mwanagenzi halipi ada. Akichaguliwa, yeye ndiye anayelipwa.

Wakaazi wengi wamesikia habari hizi juu juu, nao matapeli wamezisikia pia. Kwa hiyo ni muhimu kijana, mzazi na mwalimu waelewe mipango hii inavyofanya kazi hasa, nani anaweza kujiunga, na ni wapi wengi hukosea.

Programu huria ni nini?

Programu ya kompyuta ni mkusanyiko wa maagizo yaliyoandikwa na watu. Maagizo hayo huitwa msimbo. Kampuni nyingi huuficha msimbo wao. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza.

Programu hizi ziko karibu na mwananchi kuliko anavyodhani. Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Leo kiini cha Linux kimo ndani ya kila simu ya Android. Kivinjari cha Firefox, programu ya ofisi ya LibreOffice, kicheza video cha VLC na mtambo unaoendesha Wikipedia ni programu huria.

Neno huria lisimfanye mtu afikiri kwamba kila mmoja hubadilisha apendavyo. Mtu yeyote anaweza kuchukua nakala yake na kuibadilisha. Lakini nakala kuu ina watunzaji, na kila badiliko linalopelekwa kwao husomwa, huulizwa maswali, na mara nyingi hurudishwa likarekebishwe kabla ya kukubaliwa. Mazungumzo hayo hufanyika hadharani na hubaki hapo. Hapo ndipo mwanafunzi anapojifunza kazi, na hapo ndipo ushahidi wa kazi yake unapohifadhiwa.

Mfano ulioanzia Kenya

Anayedhani kwamba programu huria ni jambo la ng'ambo aangalie historia ya OpenMRS, programu ya kutunza rekodi za wagonjwa.

Mwaka wa 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, katika eneo la Nandi, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta kuweka rekodi za wagonjwa. Mfumo huo ulitokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Matibabu ya virusi vya ukimwi yalipopanuka Magharibi mwa Kenya, idadi ya wagonjwa iliongezeka haraka na mfumo wa awali ukazidiwa. Mwaka wa 2004, wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Eldoret waliungana na wenzao wa nchi nyingine wakaanza kujenga mfumo mpya ambao ungeweza kubadilishwa na kila nchi kulingana na mahitaji yake. Mfumo huo ndio OpenMRS, na ulianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006.

Leo OpenMRS inatumika katika nchi zaidi ya 40. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya humu nchini, imejengwa juu yake. Na tangu mwaka wa 2007, OpenMRS imekuwa ikipokea wanafunzi kupitia mpango wa Google Summer of Code. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kenya anaweza kulelewa katika kazi ya programu ambayo karani wa kliniki ya karibu na kwao anaifungua kila asubuhi. Akiirekebisha vizuri, foleni huenda haraka. Akikosea na kosa lipite bila kuonekana, kuna mgonjwa atakayesumbuka. Uzito huo hauwezi kupatikana katika zoezi la darasani.

Mipango mitatu ya kufahamu

Google Summer of Code ilianza mwaka wa 2005 na wanafunzi zaidi ya 400. Tangu hapo imepitisha watu zaidi ya 20,000 kutoka nchi zaidi ya 100. Kampuni ya Google hutoa fedha, lakini kazi yenyewe hufanywa chini ya mashirika ya programu huria, na katika miaka ya karibuni mashirika zaidi ya 150 yamekuwa yakishiriki kila mwaka. Hapo awali mpango huu ulikuwa wa wanafunzi wa vyuo pekee. Tangu mwaka wa 2022 umefunguliwa pia kwa watu wengine walio wageni katika programu huria, mradi wametimiza umri wa miaka 18. Miradi iko ya ukubwa tofauti: ya saa 90, saa 175 na saa 350.

Outreachy ilitokana na tatizo lililoonekana wazi. Mwaka wa 2006, mradi wa GNOME ulipokea maombi 181 ya Google Summer of Code, na hakuna hata moja lililotoka kwa mwanamke. GNOME ikaanzisha mpango wa wanawake mwaka huohuo, ikaufufua mwaka wa 2010, na baadaye ukapanuliwa na kuitwa Outreachy. Leo unawalenga watu ambao ni wachache au wanaobaguliwa katika sekta ya teknolojia ya nchi zao. Si lazima mwombaji awe mwanafunzi. Mafunzo huchukua miezi 3, takriban saa 30 kwa wiki, na hufanyika mara mbili kwa mwaka. Miradi yake haiishii kwenye kuandika msimbo, kwa kuwa kuna ya uandishi wa miongozo, usanifu wa michoro na uchambuzi wa data.

LFX Mentorship huendeshwa na Linux Foundation. Huwa na awamu tatu kwa mwaka, na miradi yake mingi ni ya mifumo inayoendesha seva na huduma kubwa za mtandao. Inamfaa zaidi mwanafunzi ambaye tayari ana msingi wa kutosha.

Jambo moja la kuzingatia ni kwamba aliyewahi kushiriki Google Summer of Code haruhusiwi kujiunga na Outreachy baadaye. Kwa hiyo mtu anayetimiza masharti ya yote miwili anapaswa kuchagua kwa makini aanze na upi.

Mlezi hufanya nini?

Mlezi ni mtu anayeufahamu mradi kwa undani na ambaye amekubali kumwongoza mwanafunzi. Wengi wao ni watu wa kujitolea wenye kazi nyingine za kila siku. Mlezi hamfundishi mwanafunzi kuandika msimbo kuanzia mwanzo, wala hamfanyii kazi. Humsaidia kugawanya kazi kubwa kuwa vipande vidogo, husoma kila kipande, humwonyesha kosa na sababu yake, na humtambulisha kwa wengine katika mradi.

Mfano wa kubuni ufuatao unaonyesha jinsi mambo yanavyokwenda. Mwanafunzi anakuta katika orodha ya matatizo ya programu ya kliniki kwamba fomu ya usajili inakataa namba ya simu ikianza na +254. Anaandika kwamba angependa kulishughulikia. Anasakinisha programu kwenye kompyuta yake, anaingiza namba hiyo, na kuona kosa kwa macho yake mwenyewe. Anautafuta mstari wa msimbo unaokagua namba, anaurekebisha ukubali +254 na tarakimu 9 baada yake, kisha anatuma badiliko lake.

Siku ya pili anapata jibu. Mkaguzi anamshukuru, kisha anamuuliza: na kliniki za Haiti, ambako namba za simu zina tarakimu 8, zitafanyaje? Mwanafunzi hakuwahi kufikiria Haiti. Anarudi kuandika upya ili kila nchi iweze kuweka kanuni yake. Anaambiwa pia aongeze jaribio, yaani msimbo mdogo unaothibitisha kwamba kosa hilo halitarudi. Anatuma mara ya tatu, na badiliko linakubaliwa.

Badiliko lenyewe huenda ni mistari 20 tu. Lakini mwanafunzi amejifunza kutazama programu kwa macho ya mtu aliye mbali naye, kupokea ukosoaji bila kununa, na kumaliza alichokianza. Waajiri hutafuta watu wa namna hiyo.

Hatua kwa hatua

Kosa kubwa la waombaji ni kungoja tangazo la maombi ndipo waanze. Kufikia siku hiyo, mashirika mengi tayari yanawafahamu waombaji wazuri, kwa sababu yameona kazi yao. Mwanafunzi anayetaka kufaulu afuate hatua hizi miezi 4 hadi 6 mapema.

Kwanza, ajifunze zana za kazi. Ajue angalau lugha moja ya programu kama Python, Java au JavaScript, na ajue kutumia Git, chombo kinachohifadhi kila badiliko la msimbo. Mafunzo ya Git yako mengi mtandaoni bila malipo, na mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuyapata ya msingi kwa wiki mbili.

Pili, achague mradi mmoja, au miwili kwa wingi. Orodha za mashirika yaliyoshiriki miaka iliyopita huwa wazi kwa umma. Achague programu anayoielewa matumizi yake. Aliyesoma mambo ya afya atazame miradi ya afya, na mpenzi wa ramani atazame miradi ya ramani. Anayetuma salamu kwa mashirika kumi hukosa muda wa kulijua hata moja.

Tatu, asome kabla ya kuuliza. Kila mradi una mwongozo kwa wageni unaoeleza jinsi ya kusakinisha programu, kanuni za adabu, na mahali pa kuuliza maswali. Miradi mingi pia huweka alama kwenye matatizo madogo yanayomfaa mgeni.

Nne, aulize vizuri. Swali kama "Nataka kuchangia, nianzie wapi?" halimpi msomaji cha kujibu. Swali zuri hueleza mambo manne: alichotaka kufanya, alichokifanya, kilichotokea, na alichojaribu ili kulitatua. Kwa mfano: "Nimefuata mwongozo wa kusakinisha hadi hatua ya 4. Nilitarajia ukurasa wa kuingia ufunguke, lakini napata ujumbe huu wa kosa. Nimezima seva na kuiwasha tena, na nimetafuta ujumbe huo katika mwongozo bila kuupata. Niangalie wapi pengine?" Mtu aliyeulizwa hivyo hujibu kwa urahisi. Lugha ya mawasiliano katika miradi mingi ni Kiingereza. Kiingereza sahili chenye maelezo kamili kinatosha.

Tano, aulize mahali pa wazi. Wanafunzi wengi huona haya wakamwandikia mlezi faraghani. Watunzaji hupendelea maswali ya hadharani, ili atakayekwama kesho apate jibu lilelile. Penye wengi hapaharibiki neno.

Sita, atume mabadiliko madogo na ayamalize. Mabadiliko mawili yaliyokubaliwa yana uzito kuliko makumi yaliyoachwa njiani.

Saba, aandike pendekezo la mradi. Pendekezo hueleza tatizo, suluhisho, ratiba ya kila wiki, na saa ambazo mwombaji atakuwa na nafasi. Rasimu ipelekwe kwa walezi mapema ili waisome na kuikosoa. Pendekezo la dakika ya mwisho huonekana tu.

Kuhusu programu za akili mnemba zinazoandika maandishi na msimbo, mwanafunzi awe mwangalifu. Mashirika mengi yamelemewa na mapendekezo yanayofanana, yaliyoandikwa na mashine na kutumwa bila kusomwa. Kila shirika lina msimamo wake, na ni wajibu wa mwombaji kuusoma. Msimbo asioweza kuueleza mstari kwa mstari asiutume, kwa sababu swali la kwanza la mkaguzi litamfichua.

Kalenda ya mwaka

Tarehe kamili hubadilika na ni lazima zithibitishwe katika tovuti rasmi za mipango hiyo. Kwa kawaida mwaka huenda hivi:

- Januari na Februari: mashirika huomba kushiriki Google Summer of Code, na yaliyokubaliwa hutangazwa. Maombi ya awali ya awamu ya kwanza ya Outreachy pia hufanyika katika kipindi hiki.
- Machi hadi mwanzoni mwa Aprili: mapendekezo ya Google Summer of Code hupokelewa. Waliopita hatua ya kwanza ya Outreachy huanza kuchangia miradi.
- Mei: waliochaguliwa hutangazwa na huanza kuzoeana na mradi.
- Juni hadi Agosti au Septemba: kazi yenyewe, pamoja na tathmini ya katikati na ya mwisho.
- Agosti: maombi ya awali ya awamu ya pili ya Outreachy, ambayo mafunzo yake huanza Desemba na kumalizika Machi.

Mwanafunzi wa Kenya azingatie jambo moja. Kalenda ya Google Summer of Code ilipangwa kufuata likizo ndefu ya kiangazi ya nchi za kaskazini. Humu nchini, Juni na Julai huenda zikawa za masomo au mitihani. Ni heri kuchagua mradi mdogo na kueleza ratiba ya chuo kwa ukweli kuliko kuahidi saa 350 na kushindwa. Outreachy huuliza kwa kina kuhusu muda wa mwombaji, na asiye na saa za kutosha hukataliwa mapema.

Asiye na kompyuta au intaneti ya kutosha

Vikwazo hivi ni vya kweli. Kompyuta mpya haihitajiki. Kipakatalishi kilichotumika chenye kumbukumbu ya GB 8 hutosha kwa miradi mingi, na kikiwekewa Linux hufanya kazi vizuri zaidi kuliko kikiwa na mfumo mzito. Anayetegemea bando la simu afahamu kwamba Git inaruhusu kupakua toleo la sasa pekee bila historia yote ya mradi, jambo linaloweza kupunguza sana data inayotumika. Kazi ya kuandika yenyewe haihitaji intaneti. Mtu anaweza kufanya kazi siku nzima nje ya mtandao na kutuma mabadiliko jioni.

Vituo vya ubunifu vya maeneo bunge na vituo vya mpango wa Ajira Digital vinaweza kumsaidia kijana asiye na vifaa. Maktaba za vyuo pia ni mahali pazuri pa kupakua mizigo mikubwa. Marafiki watatu wanaotumia mashine moja kwa zamu wanaweza kuanza, mradi kila mmoja awe na akaunti yake.

Kwa asiyejua kuandika msimbo, mlango ni tafsiri na miongozo. Programu nyingi huria zina tafsiri za Kiswahili ambazo hazijakamilika, na kazi hiyo inaweza kufanywa hata kwa simu. Si jambo geni katika ukanda huu. Mwaka wa 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice lililoitwa Jambo OpenOffice. Tafsiri peke yake haimwezeshi mtu kuchaguliwa katika Google Summer of Code, lakini humfundisha namna mradi unavyoendeshwa.

Malipo na ulaghai

Anayechaguliwa hupata posho. Google Summer of Code hulipa kulingana na nchi anayoishi mshiriki na ukubwa wa mradi, kwa awamu mbili, na kila awamu hutolewa baada ya mlezi kuthibitisha kwamba kazi imefanyika. Outreachy, katika miaka ya karibuni, imekuwa ikilipa dola 7,000 za Marekani kwa miezi yote 3. Posho hiyo si mshahara wa kudumu wala si ahadi ya kuajiriwa. Mshiriki aulize Mamlaka ya Ushuru (KRA) kuhusu wajibu wake wa kodi badala ya kukisia.

Fedha zinapotajwa, matapeli hawako mbali. Wakaazi wakumbuke mambo haya:

- Hakuna ada ya kuomba, ya usajili, ya mahojiano wala ya kuharakisha fomu katika mipango yote mitatu.
- Hakuna wakala anayeweza kumhakikishia mtu nafasi. Uchaguzi hufanywa na miradi yenyewe kutokana na kazi iliyoonekana.
- Mwombaji asimpe mtu mwingine nywila ya akaunti yake, wala PIN ya simu au ya benki.
- Kumlipa mtu akuandikie pendekezo au msimbo ni udanganyifu, na anayegunduliwa huondolewa.

Kwa nini wengine hushindwa baada ya kuchaguliwa

Kinachowaangusha wengi ni kimya. Mwanafunzi hukwama Jumatatu, akaona aibu kusema, akajaribu peke yake hadi Ijumaa, kisha akaona aibu zaidi kwa kuwa wiki imepita. Mlezi, aliye mbali, hajui kama mwanafunzi anaumwa, anafanya mtihani au ameacha kazi. Wiki tatu za namna hiyo humaliza mradi.

Dawa yake ni ripoti fupi, walau mara mbili kwa wiki, yenye mistari mitatu: nilichofanya, nitakachofanya, na kinachonizuia. Umeme ukikatika au kukitokea msiba nyumbani, ujumbe mmoja hutosha. Walezi huelewa shida iliyoelezwa. Ile iliyofichwa hawawezi kuisaidia.

Wasiochaguliwa

Ukweli usemwe. Makumi ya maelfu ya watu hujiandikisha katika Google Summer of Code kila mwaka, na wanaochaguliwa ni zaidi kidogo ya elfu moja. Waombaji wengi, hata wazuri, watakosa. Anayeingia kwa ajili ya posho peke yake huondoka mikono mitupu.

Lakini badiliko lililokubaliwa katika mradi haliondolewi kwa sababu mwombaji hakuchaguliwa. Linabaki katika historia ya programu, pamoja na jina lake, tarehe, na mazungumzo yote na mkaguzi. Mwajiri yeyote, Nairobi au kwingineko, anaweza kulifungua na kulisoma. Yule kijana aliyeulizwa ametengeneza nini na ni nani aliyekitumia sasa ana jibu, na anaweza kulionyesha. Tena anaweza kuomba upya mwaka unaofuata, akiwa si mgeni tena katika mradi.

Kwa wazazi na walimu

Mzazi anayemwona mwanawe usiku mbele ya kompyuta ana haki ya kuuliza anafanya nini. Mwombe akuonyeshe ukurasa wa mradi, jina lake katika mabadiliko, na maneno ya mkaguzi. Kazi ya programu huria haina siri. Kama hakuna cha kuonyesha, au kama anaombwa fedha, hapo pana tatizo.

Wanafunzi wa sekondari walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi katika Google Summer of Code. Mpango wa Google Code-in uliowalenga walio na umri wa miaka 13 hadi 17 ulianza mwaka wa 2010 na ukafikia mwisho baada ya shindano la mwaka wa 2019. Hata hivyo, kwa idhini ya mzazi na usimamizi wa mwalimu, wanaweza kujifunza Git, kutafsiri na kutuma marekebisho madogo ya miongozo katika miradi inayowapokea. Watakapotimiza umri, watakuwa na msingi tayari.

Walimu wa vyuo wanaweza kusaidia kwa njia rahisi. Badala ya kila mwanafunzi kuandika zoezi linaloishia kabatini, darasa lichague mradi mmoja huria, na kila kundi lirekebishe tatizo moja dogo. Mwalimu awasiliane kwanza na watunzaji wa mradi ili wasifurikwe na maombi ya wanafunzi kwa siku moja.

Maswali ya kujipima

1. Programu huria ina tofauti gani na programu ambayo msimbo wake umefichwa?
2. Kwa nini watunzaji hupendelea maswali yaulizwe hadharani?
3. Katika mfano wa namba ya simu, mwanafunzi alisahau nini, na mkaguzi alimsaidiaje?
4. Taja dalili mbili za tapeli anayejifanya wakala wa mipango hii.
5. Andika swali moja kuhusu tatizo la kompyuta ulilowahi kupata, ukitumia mambo manne ya swali zuri.

Anayeweza kujibu swali la tano kwa ukamilifu ameshaanza. Hatua inayofuata ni kuchagua mradi mmoja, kusoma mwongozo wake wiki hii, na kuisakinisha programu hiyo kwenye kompyuta iliyopo.